Harusi ya Tanga: panga muziki kwanza, ukumbi baadaye

Kamati nyingi za harusi huanza na ukumbi. Ukumbi ukishalipiwa, watu huhangaika na chakula, mapambo na sare, na muziki hukumbukwa wiki ya mwisho: "Jamani, mtafuteni dijei yeyote." Mimi nashauri kinyume chake. Muziki ndio unaoamua harusi itafanyika wapi, ianze saa ngapi, nani akae na nani, na jirani gani aombwe radhi mapema. Matarumbeta yanataka barabara. Dufu linataka mwendo wa miguu hadi msikitini. Taarabu ya wanawake inataka ua uliozibwa vizuri. Ukishajua unataka kusikia nini, mahali pa kufanyia panajionyesha penyewe, na mara nyingine utagundua kwamba ukumbi huuhitaji kabisa. Turubai mbili katika mtaa mmoja wa Ngamiani zinatosha.

Mwongozo huu ni wa anayepanga harusi Tanga mjini. Nimezungumzia zaidi harusi za Kiislamu, ila wa kanisani na wa bomani nao wana sehemu yao huko mbele.

Hatua ya 1: Tarehe

Kalenda ya ukutani inakupa Jumamosi. Kalenda ya Kiislamu inakuambia Jumamosi ipi. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usipange kwa kukumbuka mwaka jana ilikuwa lini. Harusi hurundikana Rajabu na Shaabani, watu wakiwahi kabla ya mfungo, kisha zinafumuka tena Mfunguo Mosi, Idi ikishapita. Ukichagua miezi hiyo, kikundi cha taarabu na cha matarumbeta vishike miezi mitatu kabla. Miezi mingine, wiki sita zinatosha.

Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na Mei ya Tanga haina mchezo. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Mvua inapopiga turubai, mwimbaji hasikiki hata akiwa na spika nne, na mpiga kinanda yeyote mwenye akili atafunika chombo chake aondoke. Harusi ya masika iwe ya ndani.

Wanaotaka ufukwe wa Raskazone wana kalenda ya tatu, ya bahari. Watu hupenda kuchagua tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu ili usiku wapate mbalamwezi. Sawa, lakini siku hizo ndizo za bamvua, yaani maji makubwa kupita kawaida, na wakati huo maji yetu hujaa karibu na saa 10 jioni, saa ile ile ambayo umepanga viti mchangani kwa ajili ya picha. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo ukisogeza sherehe siku tatu au nne mbele, saa 10 maji yatakuwa bado yanapanda na utapata mchanga mpana zaidi. Ukitaka uhakika, waulize wavuvi. Wao hawahitaji simu kukujibu.

Hatua ya 2: Gawa harusi vipande

Chukua karatasi, andika vipande vyote vya harusi yako, na mbele ya kila kimoja andika mambo mawili tu: nani anasikiliza, na nani anasimamia muziki. Harusi ya kawaida ya hapa huwa na kusingwa kwa mwali, usiku wa hina (ndio usiku wa wanawake), zefe, yaani msafara wa bwana harusi kwenda msikitini, na ndoa yenyewe, bwana harusi kwenda kumpa mkono bibi harusi, chakula, na mwisho usiku wa ukumbini au siku ya kumtazama bibi harusi. Familia haziko sawa. Wengine wana maulidi badala ya taarabu, wengine wanaongeza kicheni pati, wengine wanamaliza yote kwa siku moja kwa sababu ya gharama, na hakuna ubaya.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumpa dijei mmoja vipande vyote. Dijei hodari wa ukumbini hajui nini kifanyike mwali anapotolewa ndani, na wala si kazi yake kujua. Mkabidhi somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, usiku wa wanawake. Zefe mpe mjomba au kaka anayejuana na madrasa. Ukumbi mpe kijana mmoja wa kamati, mwenye sauti na asiyekunywa siku hiyo. Watu watatu, kila mmoja na simu za watu wake wa muziki, basi.

Halafu weka saa za sala juu ya ratiba kabla hujaandika kitu kingine. Kwetu adhuhuri huingia baada ya saa 6 mchana, alasiri katikati ya saa 9 na saa 10, magharibi kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni kutegemea mwezi, na isha kama saa moja na robo baadaye. Muziki uzimwe adhana inapoanza, si inapomalizika. Ukiandika hivyo kwenye ratiba, mshereheshaji hatakuwa na la kujitetea.

Hatua ya 3: Zefe na ndoa

Ndoa nyingi hufungwa baada ya alasiri. Zefe hutoka nyumbani kwa bwana harusi, vijana wa madrasa katika safu mbili wakipiga dufu na kusoma kaswida, wazee nyuma, bwana harusi katikati na joho lake. Umbali mzuri ni mita 300 hadi 500. Ukizidisha, kwa jua la Tanga, wazee wanafika wamechoka na vijana sauti zimekwisha. Kama nyumba iko Pongwe na msikiti uko Ngamiani, njooni kwa magari, mshuke mitaa miwili kabla, mjipange.

Mambo ya dufu zungumza na mwalimu wa madrasa, si na vijana wenyewe. Mwambie idadi unayotaka (kumi na wawili wanapendeza), saa, na majina ya maharusi yatiwe kwenye kaswida. Yeye ndiye atakayekuambia sadaka ya madrasa ni ngapi, na usafiri wa watoto kurudi makwao ni juu yako. Pia muulize imamu wa msikiti mnaokwenda. Misikiti haina msimamo mmoja kuhusu dufu: kuna wanaolikaribisha hadi mlangoni, kuna wanaotaka linyamaze mbali. Ni bora kujua Jumatano kuliko kuambiwa Jumamosi mbele ya wakwe.

Ndani ya msikiti kazi yako ya sauti ni kipaza sauti kimoja tu. Sheikh anasoma khutba, walii anaozesha, mahari yanatajwa, bwana harusi anaitikia, mashahidi wawili wanasikia. Wanawake waliokaa nyumbani au upande wa pili wanasubiri neno "nimekubali" ili wapige vigelegele. Kipimeni kabla ya watu kufika, kiwe na betri za akiba, na awepo mtu wa kukihamisha kutoka kwa sheikh kwenda kwa walii na kwa bwana harusi bila kuzunguka nyuma ya watu.

Bwana harusi anapokwenda kumpa mkono mkewe, zima spika zote. Hapo pana muziki wa wenyewe: shangazi na makungwi wameshika mlango, wanadai chao kabla ya kufungua, wanaimba, wanatania, wapambe wa bwana harusi wanajibu. Nimeona harusi ambapo dijei alifungulia Bongo Fleva wakati huo, na utani wote ukafa palepale.

Matarumbeta ni jambo jingine. Hayo ni ya barabarani, juu ya pikapu au kirikuu, msafara unapompeleka bibi harusi kwake au ukumbini. Wapangie njia kwa maandishi. Msafara unaokwenda Raskazone mara nyingi hupita karibu na Hospitali ya Bombo. Hapo wanyamaze kabisa, na kwenye kila msikiti vilevile. Waarifu polisi wa usalama barabarani, na katazeni watu kukaa kwenye kingo za pikapu. Muda wa dakika 40 unatosha. Wapulizaji ni binadamu.

Hatua ya 4: Usiku wa wanawake

Hapa ndipo pa kuweka fikra zako zote, na sehemu kubwa ya pesa za muziki kama unazo.

Tanga haiazimi taarabu kwa mtu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya hapa, Black Star na Lucky Star, viliigeuza taarabu ya pwani. Badala ya kundi kubwa la fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) kwa mtindo wa Unguja, walikaa watu wachache wenye magitaa, besi na ngoma ndogo, na nyimbo zikawa fupi na za kuchezeka zaidi. Sauti ya Bi. Shakila Said, aliyefariki 2016, ilijulikana kupitia huku. Kwa mpangaji wa harusi historia hiyo ina faida ya moja kwa moja: nyimbo za mtindo ule hazihitaji jukwaa wala watu ishirini. Mpiga gitaa, besi, kinanda, mpiga ngoma na waimbaji wawili wanaenea kwenye ua wa nyumba, na kila bibi aliyekaa kwenye mkeka anazijua.

Mpangilio wangu ni huu. Saa ya kwanza, wageni wanapoingia na hina inapopakwa, piga za zamani, taratibu, watu wasikizane. Saa ya pili bibi harusi anatolewa. Hapo mwimbaji aimbe wimbo mmoja wa kumsifu, wenye jina lake na la mama yake. Mpe mwimbaji majina hayo kwa maandishi siku mbili kabla, maana jina likikosewa mbele ya umati halirekebishiki. Baada ya hapo ndipo taarabu ya kisasa iingie, ya aina waliyoipigia debe mwimbaji Khadija Kopa na kikundi cha Jahazi, watu wasimame.

Na hapo ndipo penye hatari. Taarabu ya kisasa ni mipasho, na mipasho ina mwenyewe. Mwanamke anaponyanyuka kutuza, hatuzi wimbo mzima. Anangoja ubeti fulani, anakwenda mbele taratibu na noti juu, na kila mtu anaelewa kwamba ubeti huo ni maneno yake na yanamwendea mtu aliyemo humu. Kwenye dansa la kawaida hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwenye harusi inaweza kuvunja undugu ambao ndiyo kwanza unaanza.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla, kaa na somo pamoja na shangazi mmoja kutoka kila upande. Kwanza waulize bila haya: nani hasemi na nani? Kisha sikilizeni nyimbo zote, ubeti kwa ubeti, si kiitikio tu. Nyimbo za mke mwenza, za mume aliyeporwa, za wifi mchawi na za tajiri mpya ziende kwenye orodha ya zisizopigwa. Orodha hiyo ni muhimu kuliko ya zinazopigwa. Ipeni kikundi na mumwambie kiongozi wao wazi: hata akituzwa kuomba wimbo huo, asiupige. Mpeni pia ruhusa ya kusema, "Wenye shughuli wamekataa," ili lawama ije kwenu na si kwake.

Tuza yenyewe ina masuala yake. Mkubaliane kabla kama fedha zote ni za kikundi, au sehemu inarudi kwa bibi harusi. Vikundi vingine hupunguza bei kwa kutegemea tuza. Vingine bei yao imekamilika na tuza ni juu. Wekeni sinia mbele na mtu mmoja wa kuhesabu akiwa na shahidi. Mwekeni dada mmoja mwenye noti za 1,000 na 2,000 za kuvunjia, kwa sababu shangazi mwenye noti ya 10,000 hatasimama mara tano, lakini akipata chenji atasimama mara kumi.

Ngoma za mkoa zina nafasi yao. Familia za Kisambaa na Kibondei zikitaka mdumange, zipeni nusu saa yao na uwanja wa udongo, si sakafu ya vigae. Baikoko nayo, ngoma ya kukata viuno, wapo watakaoiomba. Mimi sina ugomvi nayo, ila imekwishazua maneno mengi, na mahali pake ni ndani, wanawake watu wazima peke yao, watoto wamekwenda kulala. Kwa usiku wote huu awepo mwanamke mlangoni wa kukusanya simu au kuwazuia wanaorekodi. Wageni waje wakijua. Watu hucheza kwa uhuru pale tu wanapoamini kwamba kesho hawatajiona kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Hatua ya 5: Ukumbini

Ukumbini mambo ni mepesi kuliko yanavyosemwa. Kuna nyakati nne zinazohitaji wimbo uliochaguliwa: kuingia kwa maharusi, kukata keki, zawadi, na kufungua dansi. Nyingine zote muachie dijei.

Wimbo wa kuingilia upimeni kwa miguu. Nendeni ukumbini mchana, mtu avae viatu virefu, atembee kwa mwendo wa maringo kutoka mlangoni hadi jukwaani, na mwingine ashike saa. Ukumbi wa mita 30 pamoja na kusimama kwa picha unachukua kama dakika nne au tano. Sasa angalia wimbo wako: nyimbo nyingi za taarabu huanza na ala tupu kwa muda mrefu, na maharusi wanaweza kufika kitini mwimbaji hajafungua mdomo. Mwambie dijei aanzie pale sauti inapoingia.

Muda wa zawadi ni mrefu na wageni huchoka, kwa hiyo usiweke nyimbo za polepole hapo. Kwa wazee wekeni dakika 20 za dansi la zamani. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi za Tanga hii hii, na babu aliyekuwa amesinzia atakushangaza. Singeli iwe mwisho kabisa, wenye umri wao wameshaaga.

Nyimbo zote ziwe kwenye flashi, na nakala nyingine iwe kwenye simu ya mwanakamati. Dijei anayetegemea intaneti ukumbini anacheza kamari na harusi yako.

Kanisani na bomani

Ndoa ya kanisani ina matangazo ya Jumapili kadhaa, kwa kawaida tatu, na mafundisho, kwa hiyo anza na paroko au mchungaji kabla ya kumlipa mtu yeyote. Nyimbo za ibada zipitie kwake na kwa mwalimu wa kwaya. Wimbo wa mapenzi wa redioni, hata ukiwa mzuri kiasi gani, ungoje ukumbini. Ukitaka kwaya iimbe wimbo mpya, wape mwezi mzima wa mazoezi, na toa nauli.

Kwa ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe kwa msajili angalau siku 21 kabla. Watu hujisahau hapa. Bomani penyewe hakuna muziki wa maana. Waiteni matarumbeta wangoje nje ya geti mkishatoka, mbali na watu walio kazini.

Vyombo, umeme na majirani

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, hasa kama turubai litaziba barabara, na umuulize taratibu za kibali na saa ya kuzima muziki. Baada yake pita nyumba kwa nyumba, ukiwa na kadi kwa majirani wa karibu. Jirani aliyealikwa halalamiki kelele.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, dakika kumi za giza zinaua shughuli. Jenereta ya kilovati 5 kwa kawaida inabeba spika nne za wastani, kinanda na taa, lakini muonyeshe fundi orodha ya vyombo kwanza. Iwekwe nyuma ya ukuta, upande upepo unakokwenda, mafuta yajazwe kabla ya magharibi. Majiko ya umeme na mafriji yasiunganishwe humo. Spika zisielekezwe kwenye mikeka ya wazee wala kwenye vyumba vya wanyonyeshao. Zielekee uwanja wa kuchezea.

Makubaliano

Yaandikeni, hata kama mpiga kinanda ni mtoto wa mama mdogo. Ukurasa mmoja unatosha: saa ya kufika na saa ya kuanza (si kitu kimoja), idadi ya watu, chakula chao, nani anawasafirisha kurudi usiku, tuza ni ya nani, nyimbo zisizopigwa, na malipo kwa awamu. Nusu kabla, robo wanapofunga vyombo, robo wanapomaliza. Kwa maoni yangu muziki wote usizidi sehemu ya tano ya bajeti. Ukizidi, punguza ukumbini kabla ya kugusa usiku wa wanawake.

Kuna sharti moja ambalo wengi huliacha. Tunaishi karibu karibu, na si ajabu mtu akafariki mtaani siku moja kabla ya harusi. Ndoa haiahirishwi kwa hilo: inafungwa kimya, walii na mashahidi wapo, chakula kinaliwa. Ngoma ndiyo inayoondoka. Aliye karibu na wafiwa aende kuwapa pole na kuwaambia kwamba hakutapigwa kitu, asingoje waje kuomba. Andikeni kwenye makubaliano kwamba ukitokea msiba kikundi kitakuja siku nyingine ndani ya miezi mitatu kwa malipo yale yale ya awali, na muandike jina la mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuwapigia simu kuwazuia, ili wasifike mtaani na matarumbeta huku watu wamekaa matanga.